Unakuja Lindi au Mtwara kujitolea kwenye afya ya vijiji na VVU: maswali tunayoulizwa kila msimu

Nakaa Masasi, na moja ya kazi zangu ni kuwapokea watu wanaokuja kujitolea kwenye zahanati na vijiji vya mikoa yetu miwili. Wanatoka Nairobi, Kampala, Unguja, Dar es Salaam. Siku hizi wanakuja pia watoto wa Watanzania waliozaliwa Ulaya na Marekani, wenye Kiswahili cha jikoni kwa mama. Maswali yao ni yaleyale, mengi kwa ujumbe wa sauti, mengi usiku wa manane. Nimeyakusanya hapa. Yaliyo mepesi nimeyapitia haraka, yanayoniuma nimeyakalia.

Mimi si daktari wala muuguzi. Nitafaa?

Utafaa, na mara nyingine kuliko daktari. Kazi kubwa ya kijijini ni miguu: kutembea nyumba kwa nyumba nyuma ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii, tunayemwita WAJA, kupanga mafaili ya kliniki, kubeba mzani wa watoto, kuandika rejesta kwa mwandiko unaosomeka, kukaa na mama anayesubiri. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwasambaza WAJA 137,294 nchi nzima kwa miaka 5. Kwa hiyo usije ukidhani kijiji kiko tupu kinakungoja wewe. Methali ya "mgeni njoo, mwenyeji apone" isikudanganye. Mwenyeji anaponywa na mwenyeji mwenzake, wewe umekuja kumshikia begi.

Tunaowakataa ni watu wa aina moja tu: wanaotaka "kuona UKIMWI". Wanajitambulisha wenyewe kwenye barua ya kwanza.

Wiki mbili zinatosha?

Hapana. Wiki ya kwanza unajifunza kusalimia, ya pili unaumwa tumbo. Tunapokea kuanzia miezi mitatu. Historia ya huku ina mfano wa kutisha kidogo: Leader Stirling, daktari bingwa wa upasuaji kutoka Uingereza, alikuja miaka ya 1930, akafanya kazi Lulindi na Mnero, mwishowe akawa mbunge na Waziri wa Afya wa Tanzania. Sikuombi ukae hivyo. Kaa tu mpaka watoto wa jirani waache kukuita mgeni.

Nije mwezi gani?

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili. Miezi hiyo watu wako shambani wanapalilia, njia za vijijini zinateleza, na ukiitisha mkutano utazungumza na wazee wawili na mbuzi. Barabara kuu nayo si ya kuiamini sana: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika upande wa Somanga, Kilwa, na mabasi yakakwama.

Kuanzia Juni watu wanapulizia mikorosho. Likizo ya katikati ya mwaka ni ya jando na unyago. Oktoba mpaka Desemba ni korosho yenyewe: minada, mizani, fedha, pikipiki mpya, wageni wengi, pombe nyingi. Mwenye kutaka kufanya kazi ya VVU na asiuone msimu wa korosho hajaiona kazi. Ushauri wangu ni uje Mei au Juni, uzoeleke, ili msimu ukukute umeshajua nani ni nani. Angalia pia Ramadhani iko mwezi gani mwaka huo. Wengi wetu tunafunga, na mkutano wa saa nane mchana ndani ya mfungo ni adhabu kwa kila mtu.

Mimi ni Mkenya, naingia kwa kitambulisho tu. Kibali cha nini tena?

Kuingia ni jambo moja, kufanya kazi ni jingine. Kuingia bila viza hakukupi ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi ya bure. Mgeni anayejitolea kwa miezi anahitaji kibali cha ukaazi, na cha watu wa namna yako kwa kawaida ni daraja C. Anayekiomba ni taasisi inayokupokea, na huanza mapema, wewe ukiwa bado kwenu. Ukiambiwa "njoo tu, tutamalizana huku", usije.

Kama umesomea tiba na unataka kugusa mgonjwa, kuna usajili wa muda: madaktari kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga kwa baraza lao. Ukitaka kukusanya takwimu kwa ajili ya shahada yako, huo ni utafiti, na utafiti una vibali vyake kupitia NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Dodoso la kurasa sita lililojificha ndani ya "mazungumzo na jamii" tumeshalikuta, na hatukulifurahia.

Kwa Watanzania wa nje: Tanzania haina uraia pacha. Kama umeshachukua pasipoti nyingine, usije ukiitegemea ile ya zamani iliyoko kabatini kwa bibi.

Halafu kuna kibali kisichoandikwa kwenye tovuti yoyote. Barua yako inapita kwa mganga mkuu wa halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji anakutambulisha mkutanoni. Usiruke hata ngazi moja. Mwenyekiti aliyerukwa hatakufukuza. Atakukaribisha vizuri sana, na hakuna mtu atakayekuja kwenye shughuli yako.

Chanjo na dawa gani?

Anza miezi sita kabla, kwa sababu chanjo ya homa ya ini B huchomwa mara tatu, na ya mwisho kwa kawaida ni mwezi wa sita. Ongeza pepopunda na homa ya matumbo. Ukitokea nchi yenye homa ya manjano, Kenya na Uganda zikiwemo, utadaiwa cheti chake mpakani.

Malaria ni ya kweli. Mtwara na Lindi zimo kwenye mikoa inayobeba mzigo mkubwa, na aliyekulia Ulaya hana kinga hata kama jina lake ni la Kimakonde. Muone daktari wako akuandikie dawa ya kujikinga, ulale ndani ya chandarua, na ukipata homa nenda zahanati siku hiyohiyo upimwe kwa kipimo cha haraka. Ikionekana, utapewa dawa ya mseto ya malaria. Maliza dozi. Kila mwaka tuna mmoja anayekaa siku tatu na homa akisema "ni uchovu wa safari".

Kuna pia chikungunya, na hapa naomba tujivunie kidogo kwa namna ya ajabu. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 uliotokea kwetu, kwenye uwanda wa Wamakonde. Jina lake ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi viungo vinavyouma. Dunia nzima inalitamka vibaya.

Na usiogope kila uvumi. Julai 2022 watu walianza kuumwa homa na kutokwa damu puani kule Ruangwa, watatu wakafariki, na simu zote za Kusini zikajaa majina ya magonjwa ya kutisha. Wataalamu walipopima wakakuta ni homa ya mgunda, inayotokana na vijidudu vya kwenye mkojo wa wanyama kama panya. Unaposikia "kuna ugonjwa mpya", swali la kwanza kijijini ni kwa mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati. Kundi la WhatsApp baadaye.

Huko Kusini UKIMWI upo kweli?

Upo, ila si kwa kiwango cha mikoa ya nyanda za juu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, na Njombe ikaongoza kwa asilimia 12.7. Sisi hatumo kwenye orodha ya juu. Sababu moja inayotajwa sana ni tohara. Huku mwanamume ambaye hajatahiriwa ni wa kutafutwa kwa tochi, na majaribio yaliyofanywa Afrika yalionyesha tohara inampunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa na mwanamke kwa karibu asilimia 60.

Sasa tazama habari njema inavyogeuka. Mzee mmoja alikuwa anacheza bao chini ya mwembe, tukapita na WAJA kualika watu kwenye upimaji. Alijibu bila kuinua macho kwenye kete: "Sisi tumeingia jandoni. Hilo gonjwa la Njombe." Wenzake wakacheka, tukacheka nasi. WAJA akachuchumaa, akachukua kete kumi, akazipanga mchangani, akaondoa sita. "Hizi nne ni za nani, babu?" Mzee alizitazama muda mrefu, kisha akasema arudishiwe kete zake mchezo uendelee. Wiki iliyofuata alikuja kupima, saa kumi na mbili asubuhi, kabla zahanati haijafunguliwa.

Mpangilio wa kete ule si hesabu kamili ya kitakwimu, najua. Lakini sijapata bango lililofanya kazi kama ule.

Na usisahau kwamba ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji, ambako maambukizi ni makubwa kuliko kwetu, na ndugu ni walewale pande zote mbili. Ongeza madereva wa malori, kambi za wavuvi, na ile fedha ya msimu wa korosho niliyoitaja.

Nilete vipeperushi vya elimu ya UKIMWI?

Acha. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mtu mwenye miaka 40 huku ameusikia UKIMWI tangu hajajua kusoma: redioni, shuleni, msikitini, kwenye ngonjera, kwenye fulana. Anajua mbu haambukizi. Anajua kondomu ni nini, ingawa atakuangalia ukiivisha kwenye bunzi la mahindi na kukupigia makofi kwa adabu.

Ambacho wengi hawajakisikia vizuri ni vitu vitatu vilivyobadilika. Kwanza, tangu 2016 anayegundulika anaanza dawa bila kungoja kinga ishuke. Pili, anayemeza dawa zake vizuri virusi vikafubaa hadi kipimo cha wingi wa virusi hakivioni, hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Hili la pili hata baadhi ya watoa huduma wanalisema kwa kunong'ona, kama wanaogopa watu watafurahi kupita kiasi. Tatu, mama anayeishi na VVU anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na VVU. Bila huduma yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama kama hao huambukizwa 15 hadi 45; mama akimeza dawa na mtoto akipewa yake, hushuka chini ya watano. Ukiyabeba hayo matatu kichwani, kwa Kiswahili chepesi, umebeba zaidi ya boksi la vipeperushi.

Kiswahili changu ni cha Nairobi. Nitaelewana na watu?

Mtaelewana, baada ya masahihisho mawili. Hapa huanzi na shida yako, unaanza na salamu, na mkubwa unampa shikamoo. Kisha unasikiliza habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa. Pili, "nipe maji" huku linasikika kama amri ya askari. Sema "naomba".

Kimakonde, Kimwera, Kiyao, Kimakua, kule Liwale Kingindo, Kilwa Kimatumbi: hivyo utavisikia, na bibi wa zahanati atakapoeleza ugonjwa wa ndani atarudi kwenye lugha yake. Mwachie WAJA atafsiri. Jifunze salamu tu, na neno "kuchele", kumekucha, ambalo ukilitamka Mtwara utapata marafiki watano papo hapo.

Angalia na misimu. Mtu akisema fulani "kakanyaga waya" au "ana ngoma", anasema VVU. Lakini mama akikuambia binti yake anachezwa ngoma mwezi ujao, anakualika kwenye unyago. Mwenzetu mmoja alichanganya hayo mawili na akampa pole mama mwenye furaha. Tulieleza mpaka jioni.

Saa nazo: wenye simu za Ulaya, "saa tatu" ni saa tatu asubuhi ya jua letu, yaani 9:00 kwenye simu yenu. Mmoja aliamka usiku wa manane akasubiri gari barazani mpaka kukakucha.

Kitu gani kinaweza kunifukuzisha?

Mdomo.

Hili nitalisema kirefu. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu ya mtu, na kuyatoa ni kosa la jinai. Lakini kijijini siri haivuji kwa kusema tu. Inavuja kwa gari. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na gari jeupe lenye utepe mwekundu mlangoni, na lilipotolewa tulifurahi kama watoto. Tukaenda kumtembelea dada mmoja aliyekosa tarehe yake ya dawa. Dereva akasimama mbele ya nyumba, kistaarabu kabisa, chini ya mkorosho. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Dada akatoka, akaangalia gari, akaangalia nyumba za jirani ambako wanawake wawili walikuwa wameacha kutwanga, michi imesimama hewani. Akatukaribisha ndani, akatupa viti, akatuambia dawa anazo na atakuja kliniki. Tulikaa dakika kumi hivi. Juma lililofuata alihamia kwa kaka yake, kata nyingine, na muuza genge aliyekuwa akimkopesha mafuta ya taa alituuliza sisi kama ni kweli. Hakuna aliyetamka neno VVU siku ile. Gari lilitamka.

Tangu hapo tunaacha gari barabarani na kutembea, na tunapita nyumba nne au tano hata kama tunayemtaka ni mmoja. Tunauliza vyoo, vyandarua, kadi za watoto. Ukiona WAJA anapoteza muda kuhesabu vyandarua kwenye nyumba ambayo haina shida, nyamaza, yuko kazini.

Utakuta pia mtu anayekaa mita mia mbili kutoka kliniki ya tiba na matunzo ya VVU anapanda basi la Newala kwenda kuchukua dawa Masasi. Usimshangae wala usimshauri "achukue hapa karibu". Ameshapiga hesabu zake. Ukikutana naye sokoni, msalimie kama unavyomsalimia muuza nyanya, usimuulize anaendeleaje.

Na ukiulizwa na mwenyeji wako mezani, kwa upole, "Yule mama mlikwenda kwake kuna nini?", jibu ni "tulikuwa tunatembelea kijiji". Hilo tu, hata kama anayeuliza ni mwenyekiti.

Nitaruhusiwa kupima watu?

Kama huna mafunzo na usajili, hapana. Unaweza kuandika majina, kupanga foleni na kucheza na watoto. Kupima kunatanguliwa na ushauri nasaha na ridhaa ya anayepimwa. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe, na kujipima mwenyewe kukaruhusiwa. Kipimo cha kujipima kikionyesha virusi vipo, hicho si jibu la mwisho. Mtu anakwenda kituoni kuthibitisha. Mtu akikukabidhi kijiti chake na kusema "nisomee", mpeleke kwa mtoa huduma. Ni mtego wa siri uleule.

Wanaume hawaji kliniki. Mnafanyaje?

Tunawafuata walipo: kwenye mizani ya korosho, ghalani kwa chama cha msingi, kijiwe cha bodaboda, jioni ya mpira. Wengi wanasoma majibu ya mke kliniki ya wajawazito kama ndiyo yao, jambo ambalo si kweli. Na kwa makabila yetu mengi, ukoo unafuata upande wa mama, hivyo mjomba ana sauti kubwa kwenye maamuzi ya familia. Mara kadhaa tumezungumza na mume miezi miwili bila mafanikio, mjomba akaja siku moja na kumaliza neno. Ila mjomba haambiwi majibu ya mtu. Anaombwa tu awahimize wote wakapime.

Tunaweza kwenda kufundisha kwenye jando na unyago?

Unaweza kualikwa. Huwezi kwenda. Mwenye unyago ni nyakanga, na yanayofundishwa kule ni ya walioingia. Kazi yetu na manyakanga hufanyika kabla, nyumbani kwao, kwa miadi, na mara nyingi bila wewe kuwepo: wembe mmoja kwa mtoto mmoja, binti akimbie wapi akilazimishwa, shule isikatizwe. Wazazi wengi siku hizi wanawapeleka watoto wa kiume kutahiriwa na mtaalamu, kisha mafunzo ya jando yanaendelea. Hili limekuja kwa mazungumzo ya miaka, taratibu. Aliyelizungumza kama vita alirudi na daftari tupu.

Mtu ameniambia ameacha dawa. Nimwambie nini?

Mshukuru kwa kukuambia. Kisha muulize nini kilitokea, na unyamaze. Sababu nilizozisikia: alikwenda shamba la mbali wakati wa korosho na dawa zikaisha, mume mpya hajui, chakula hakuna na vidonge vinamchosha, ameombewa akaambiwa amepona. Mwaka 2011 kilipovuma kikombe cha Loliondo, dawa ya miti ya mchungaji iliyosemekana kuponya kila kitu, watu walisafiri kutoka pembe zote za nchi, na wapo walioweka vidonge pembeni. Ukimkemea mtu wa namna hiyo unamwongezea aibu juu ya ugonjwa.

Anayefuata tarehe zake vizuri sasa anaweza kupewa dawa za miezi mitatu, wengine hata sita, kwa hiyo la shamba linatatulika akisema mapema. Mpeleke kwa WAJA au kwa mtu anayeishi na VVU aliyepitia hayohayo. Wao wana umoja wao unaoitwa konga katika wilaya, na neno la mwenzao linazidi la kwako mara kumi. Usiahidi usichokuwa nacho. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki nyingi nchini zilibaki na mikono michache, na watu wakaanza kuuliza kama dawa zitaisha. Swali hilo ukiulizwa, jibu analo mganga mfawidhi.

Nikichomwa na sindano iliyotumika?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa hapohapo. Dawa ya kinga inatakiwa ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inahesabika. Inamezwa siku 28. Hatua hizo zinamhusu pia mtu aliyebakwa, na kijijini watu wengi hawalijui hilo. Wewe lijue.

Mama ana uchungu usiku na mimi niko peke yangu na simu. Nafanya nini?

Piga 115, bure. Ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Kwa maswali ya kawaida ya afya kuna 199 ya Wizara. Lakini kabla ya zote, gonga mlango wa mwenyeji wako. Wanawake wa kijiji wamezaa na kuzalisha kabla ya simu.

Nitalala wapi, nitakula nini?

Kwa familia, chumba kimoja, choo cha nje. Ugali wa muhogo, kisamvu, mbaazi, samaki ukiwa pwani. Msimu ukifika utauziwa ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa, yenye chumvi na pilipili. Kula, ni tamu. Uraka, pombe ya mabibo, utakaribishwa: kataa au onja, ila nipa, gongo lake, usiiguse.

Newala na Tandahimba ziko juu ya uwanda, na maji yamekuwa shida huko tangu enzi. Ukipewa nusu ndoo ya kuoga, umeheshimiwa. Wanawake, njooni na sketi ndefu na khanga mbili. Wanaume, kaptula ni ya baharini.

Nilete zawadi? Dawa?

Dawa usilete kabisa. Zinaingia nchini kwa idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na zile za kubakia kabatini kwenu ni mzigo kwetu. Tuletee kalamu, betri za mzani, na tochi ya sola. Usigawe pesa wala pipi barabarani. Kama unataka kuisaidia kaya, iulize halmashauri kuhusu bima ya afya ya kaya.

Picha je?

Piga korosho, bahari ya Mikindani, machweo. Usipige foleni ya kliniki hata kwa mgongo. Huku mtu anatambulika kwa khanga yake.

Nifikeje?

Kwa ndege mpaka Mtwara, au kwa basi kutoka Dar es Salaam, unavuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa lililofunguliwa 2003. Kabla yake kulikuwa na kivuko cha Ndundu, na wenye umri wangu tukisikia jina hilo tunashika kiuno. Kama unakwenda Masasi, Ruangwa au Nachingwea, usipitilize Mtwara: mwambie kondakta akushushe Mnazi Mmoja, Mingoyo, au panda basi la Masasi moja kwa moja, utapita Nyangao na Ndanda. Ukifika stendi usiku, lala nyumba ya wageni iliyo karibu, bodaboda ya kijijini ungoje asubuhi. Nitumie ujumbe wa maandishi, si wa sauti, useme umevaa rangi gani.